Mzee wa Bunduki na Vidole Vyetu

Ulikuwa mwaka wa kula maharagwe matupu, bila mahindi, na kuyaita githeri. Mahindi yote ya ukingo wetu yalikuwa yameingia tumboni mwa ndovu, na viazi tuliviokota vikiwa vimekanyagwa, vimelowa mkojo wao, ukimenya nusu unatupa nusu. Watoto waliniuliza mahindi yako wapi, nami nikawaambia yameenda msituni kwa miguu. Mwaka huo ndio nilimjua vizuri mtu tuliyemwita Mzee wa Bunduki, ingawa siku hizo hakuwa mzee. Alikuwa mwanamume wa makamo, shingo nene, miguu mifupi, na alipopita na bunduki begani hata mbwa walinyamaza.

Alizaliwa wapi na ukoo gani, sina haja nayo. Nitasema niliyoyaona, na aliyoniambia kwa mdomo wake.

Sisi tunakaa juu ya Tetu, pale majani chai yanapoishia na msitu kuanza. Katikati kuna waya wa stima. Ndovu wakae ndani, sisi tukae nje, hayo ndiyo mapatano, lakini ndovu hakuitwa kwenye mkutano. Anasukuma mti unaangukia waya, stima inakatika, naye anapita juu ya gogo polepole kama mama mzito anayevuka mto. Asubuhi unakuta shamba limekuwa uwanja wa mpira. Mzee wa Bunduki alikuwa wa watu wa wanyama, wale wenye sare ya kijani, na kazi yake ilikuwa moja. Ndovu akizidi, yeye anaitwa.

Alikuwa na njaa ya ajabu akishapiga ndovu. Watu wengine wakiona damu hawali. Yeye siku moja aliingia jikoni kwangu, viatu vyekundu mpaka kwenye kamba, akaniambia, "Mama Kariuki, iko chakula?" Nilikuwa nimeponda viazi vya mukimo wa nyumba nzima. Akaula akiwa amesimama, kwa mwiko, kutoka kwenye sufuria. Mume wangu akamwambia, "Kaa chini basi, wewe si farasi." Akajibu na mdomo umejaa, "Nikikaa nitalala. Nikilala nitaota." Akamaliza, akafuta mwiko kwa suruali, akaenda. Watoto wangu walilala njaa siku hiyo na sikumlaumu. Nilimlaumu kwa mambo mengine.

Na msidhani alikuwa mtu wa kupenda kuua. Kulikuwa na kijana mmoja kwetu, mwerevu wa mabaya, aliyekuwa akipigilia misumari mirefu kwenye mbao na kuzifukia njiani wanakopita ndovu. Ndovu akikanyaga, msumari unaingia mpaka kwenye mfupa, mguu unaoza, anatembea na usaha miezi mingi. Akiwa na maumivu hayo ndipo anapokuwa shetani, anavunja nyumba, anatafuta mtu. Mzee wa Bunduki alimwua mmoja wa namna hiyo, akaukata mguu mwenyewe akaona ule msumari. Akaufukua ubao wake njiani, akatembea mlango kwa mlango akiwa nao chini ya koti. Alipompata mwenyewe hakumpeleka kwa chifu. Alimshika shingo, akamvua viatu, akauweka ubao chini, akamwambia, "Kanyaga." Kijana akalia, akamwita mama yake. "Kanyaga, ama nikukanyagishe." Tulisikia ule mlio tukiwa kwenye kituo cha majani chai. Kisha Mzee wa Bunduki huyo huyo akambeba mgongoni mpaka zahanati, na njia nzima anamwambia kama anayembembeleza mtoto, "Ndio ujue. Ndio ujue tu." Kijana yule mpaka leo anatembea upande, na akisikia jina la Mzee wa Bunduki anatema mate.

Kanisani alikaa karibu na mlango. Hakuomba kabla ya kupiga, aliomba baada ya kupiga, na aliomba kwa sauti kubwa kwa sababu sikio la kulia lilikuwa limekufa kwa mlio wa bunduki. Padri akisema tunyamaze tuombe kimoyomoyo, wote tulijua anachomwambia Mungu. "Niangalie, Baba, usiniangalie sana." Tulikuwa tunacheka tukijifunika leso.

Sasa nifike kwenye jambo lililomfanya ajulikane kutoka kwetu mpaka Sagana.

Hapa kwetu kuna sheria ambayo haikuandikwa popote. Ndovu akiua mtu, watu wanafunga barabara, wanachoma matairi, wanarusha mawe, na hawatawanyiki mpaka waone ndovu mmoja amelala chini. Wakubwa wa watu wa wanyama wanaijua. Mwanzoni Mzee wa Bunduki alikuwa akichagua mwenyewe nani wa kulala. Siku moja mzee wa kupeleka maziwa alikanyagwa njiani, akabaki kama shati lililolowa. Mzee wa Bunduki akafuata nyayo, akakuta dume, akalipiga. Watu wa marehemu walipofika wakapiga yowe, "Siyo hii! Ile ilikuwa na sikio imepasuka!" Mawe yakaanza. Jiwe la kwanza likamng'oa meno mawili ya mbele. Akajitupa nyuma ya tumbo la yule ndovu aliyemwua, akajibana pale, na kila jiwe lililorushwa likamgonga ndovu, likafanya mlio kama wa kupiga godoro. Aliniambia kwamba mwili ulikuwa bado na joto, na kwamba hajawahi kulindwa na mtu yeyote namna ile.

Alipopona akasema, "Kuanzia leo mimi sichagui. Mwenye kilio ndiye atachagua."

Ikawa hivyo. Mtu akiuawa, Mzee wa Bunduki anakuja kwenye boma la mfiwa hata kabla maiti haijapelekwa mochari. Anasimama mlangoni, kofia mkononi. "Nani wa hapa atakuja na mimi?" Anamshika huyo mfiwa kiwiko, taratibu kama anampeleka madhabahuni, anamsimamisha upande wake wa kushoto, kwenye sikio linalosikia. Ndovu wako pale mbele wanavunja matawi. Anauliza, "Ni gani?" Mfiwa ananyoosha kidole. Bunduki inalia. Watu wanarudi nyumbani.

Watu walimsifu sana. Wakasema huyu ni mtu anayeheshimu kilio. Hata baraza la chifu lilimpigia makofi. Mimi niliona jambo moja. Hakuwahi kumwuliza mtu, "Una hakika?" Nilihudhuria vilio vingi, na swali hilo halikutoka mdomoni mwake hata siku moja.

Jirani yangu Mama Wambui alipofiwa na mume, mimi ndiye nilimshika mkono wa pili. Mume wake alikuwa ametupwa juu ya mti wa parachichi, na kijana wake mkubwa, aliyekuwa naye, alivunjwa nyonga akakimbizwa hospitali akiwa amezirai. Huyo kijana ndiye peke yake aliyeona. Lakini barabara ilikuwa imefungwa, moshi wa matairi umetanda, na Mzee wa Bunduki alikuwa mlangoni na kofia yake. Mama Wambui alikuwa ameolewa na yule mtu tangu akiwa msichana. Alikwenda akiwa na kandambili moja.

"Ni gani, mama?"

Akanyoosha kidole kwa yule wa karibu zaidi.

Risasi ikaingia nyuma ya sikio. Ndovu akapiga magoti ya mbele kwanza, kama anasali, kisha akaanguka kwa ubavu na ardhi ikaruka chini ya miguu yetu. Wale wengine wakaja. Hawakukimbia! Wakaingiza pembe chini yake wakajaribu kumwinua, wakamwinua kidogo, akaanguka, wakamwinua tena. Jike mmoja akavunja ncha ya pembe hapo hapo. Mzee wa Bunduki akapiga hewani mpaka wakaondoka wakirudi nyuma.

Hapo watu wakaingia na mapanga. Sisi hatuli ndovu, kwa hivyo haikuwa njaa. Walikata tu. Walikata mkia, walikata masikio, wanaume wazima wakampanda mgongoni wakiruka. Mmoja kwa wazimu wake akajikata muundi wake mwenyewe akaendelea kukata akitoka damu. Halafu mtu akapasua tumbo. Ndani mlikuwa na mtoto. Alikuwa mkubwa kama ndama, ana manywele mekundu, mkonga umekunjwa juu ya kifua, macho yamefungwa. Mapanga yakanyamaza yote mara moja. Nilimsikia mwanamume fulani nyuma yangu akisema, "Aii," basi, hakuna lingine.

Kijana wa Mama Wambui alipoamka hospitali jambo la kwanza alilosema ni kwamba lilikuwa dume, la pembe moja. Na halikukawia, lile dume la pembe moja likarudi likala ndizi za Mama Wambui, likajikuna kwenye ukuta wa nyumba yake mpaka plasta ikaanguka.

Tangu siku hiyo Mama Wambui hanyooshi kidole. Ukienda naye sokoni Nyeri anachagua sukuma wiki kwa kidevu. Ukimwuliza nyumba ya fulani ni ipi, anageuza uso mzima upande huo. Wajukuu wanamwigiza wakicheka, hawajui kwa nini.

Nilimwendea Mzee wa Bunduki. Mimi siogopi mwanamume. Nilimkuta akisafisha bunduki yake kwa tambara, nikamwambia, "Ulimtia yule mama damu mkononi."

Hakukasirika. Ulimi wake ukaenda kwenye lile pengo la meno, ndiyo ilikuwa tabia yake akifikiri. Akaniambia, "Mama Kariuki, na nani mwingine achague? Mkubwa wa Nairobi? Mimi? Mimi sikufiwa."

"Si umngoje aliyeona."

"Watu hawangoji. Ukingoja wanaingia na mikuki, wanachoma kumi na hawaui hata mmoja. Hiyo umeona?"

Nilikuwa nimeona. Nikarudi nyumbani nikiwa na hasira zaidi ya nilivyokwenda.

Maana ukweli ni kwamba ndovu wamezidi, na hilo hata yeye alilisema. Huko ndani ya waya wamemaliza magome ya miti, msitu unasimama mweupe kama mifupa. Palikuja baraza moja la kuulizwa maoni. Bwana mmoja aliyevaa kofia ya majani akatueleza kwamba ziko njia: kuwahamisha kwa lori, kuwapiga sindano ya kupanga uzazi, ama kuwapunguza. Mama mmoja wa majani chai akainua mkono. "Ati ndovu apange uzazi? Mimi mzee wangu alikataa, na yeye anasikia Kiswahili!" Baraza likavunjika kwa kicheko, chifu mwenyewe akafuta machozi. Bwana yule akauliza hiyo ya kupunguza ni nini maoni yetu. Wanaume wakapiga kelele, "Hiyo! Hiyo!" Mzee wa Bunduki akasimama nyuma akasema, "Mkizungushia ng'ombe ua, msishangae akizaa ndani." Wakangoja, wakifikiri anaendelea. Akaketi.

Jirani akamwuliza, "Sasa wewe unasema wauawe ama wasiuawe?"

"Nasema tuliwafungia sisi."

Ya lori pia aliiona kwa macho. Watu wa wanyama walikuja na helikopta, wakapiga ndovu sindano za usingizi. Mmoja, jike kubwa, alilala vibaya, alilalia kifua. Ndovu akilalia kifua hapumui, uzito wake unamwua. Mzee wa Bunduki na wanaume wengine wakafunga kamba, wakavuta mpaka viganja vikachunika, wakimwita kwa wimbo wa kuvuta gogo. Daktari akalia akipiga kelele, "Vuteni! Vuteni!" Alikufa macho wazi, wakiwa wameshika kamba. Lori likarudi tupu. Mzee wa Bunduki akaja kwangu na mikono imefungwa vitambaa, sikumwekea chakula na hakuomba. Akasema, "Mimi nikiua naitwa muuaji. Hawa wameua kwa huruma, na picha wamepiga."

Alistaafu, akazeeka haraka. Wakamnyang'anya bunduki, akaanza kutembea na fimbo akiibeba begani vile vile. Macho yakaingia ukungu. Watoto wakawa wanamchokoza, "Mzee, piga ile!" naye anageukia sauti anauliza kwa utaratibu wote, "Gani?" Wanakufa kwa kicheko. Watu wa wanyama wakaleta vijana wapya, wenye simu na redio, wanaopiga kwa amri na karatasi. Lakini mambo yakiharibika kabisa, wakiona matairi yamekolea moto, bado walikuwa wanatuma pikipiki kumchukua mzee, kwa sababu watu humsikia. Desturi yake iliushinda umri wake.

Na mwaka huu ikaja kwangu.

Muriithi alikuwa mjukuu wangu wa kwanza. Alikuwa fundi wa pikipiki huko Skuta, mjini Nyeri, mikono yake ikinuka petroli hata siku ya Krismasi, na mrefu kuliko mlango wangu. Alikuja wikendi kunisaidia kuchimba viazi. Asubuhi akatangulia shambani nikiwa nachemsha chai. Sikusikia kelele ya mtu. Nilisikia waya ukilia na miti ikivunjika. Nilipofika, ndovu walikuwa wameshaingia kwenye mikaratusi, na Muriithi alikuwa kwenye mitaro ya viazi, amesukumwa chini kama mbegu. Mguu mmoja ulikuwa mbali. Niliufuata mimi mwenyewe. Nilivua leso kichwani nikamkusanya, sikuruhusu mtu aniguse mpaka nikamaliza.

Jua lilipochomoza vizuri, barabara ilikuwa imefungwa. Gari la watu wa wanyama lilikuwa katikati ya watu, kioo cha mbele kimevunjwa, na msichana mwenye nyota begani, mkubwa wao, alikuwa amesimama juu ya boneti damu ikimtoka kwenye nyusi. "Wazazi wangu, tafadhali! Hatujui ni gani!" Watu wakamjibu, "Piga yoyote!" Ndovu watano walikuwa kwenye mikaratusi, wamebanana, hawawezi kurudi kwa sababu watu wamewazunguka. Mmoja alikuwa na mtoto kati ya miguu.

Pikipiki ikafika. Watu wakampisha njia. Mzee wa Bunduki akashuka akishikwa, akavua kofia. Alikuwa amekonda, shingo ile nene imekuwa ngozi tu. Akanitafuta kwa mkono mpaka akapata kiwiko changu.

"Mama Kariuki. Pole. Pole sana."

"Asante."

"Unajua kazi."

"Naijua."

Akanitembeza. Ama mimi nilimtembeza, maana alikuwa anajikwaa kwenye viazi vyangu. Akanisimamisha upande wa kushoto. Askari kijana akaja nyuma yetu na bunduki. Watu wakatulia, kelele ikafa, nikasikia matairi yakiungua na wale ndovu wakipumua.

Nataka mnielewe. Mimi siwapendi ndovu. Wangekufa wote siku ile kwa radi ningepiga vigelegele. Nilikuwa na damu ya Muriithi mpaka kwenye viwiko, na mkono wangu wenyewe ulikuwa unataka kuinuka. Nilikuwa nataka kitu kife, na kilikuwa pale, watano.

"Ni gani?" akauliza.

"Wewe unawaona?"

"Naona kama mawingu tu. Ndiyo nimekuja kwako. Ni gani, mama?"

Nikamwambia, "Sinyooshi kidole. Aliyemuua Muriithi sikumwona, na wewe hukumwona."

Askari kijana akashusha pumzi. Nyuma watu wakasikia, ikaanza. "Shosho, wacha mchezo!" "Huyu mama amehongwa na watu wa wanyama!" "Ni damu yako hiyo, nyoosha!" Kariuki mwanangu, baba yake Muriithi, akanipigia kelele akilia, "Mama, moja tu! Moja!" Jiwe likapita karibu na sikio langu, likagonga mti, ndovu wakapanua masikio.

Mzee wa Bunduki hakuachilia kiwiko changu. Akasogeza mdomo karibu, nikasikia pumzi ikipita kwenye lile pengo la meno.

"Mama Kariuki, wote walinyoosha. Miaka yote hiyo, kila nyumba, walinyoosha. Wewe ukikataa leo, wale wengine niliowapiga nitawapeleka wapi? Wanakuwa wangu wote. Nisaidie. Nyoosha popote."

Alikuwa analia, yale macho ya ukungu yakitiririka, na sikuona haya kumtazama. Nilikuwa nimemlisha. Nilikuwa nimemgombeza. Nilichukua mkono wake kwenye kiwiko changu, nikautoa kidole baada ya kidole, nikamwambia kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, upande wa sikio lake zima:

"Sinyooshi kidole. Aliyemuua Muriithi sikumwona, na wewe hukumwona."